Oktoba ya Tabora usiitanie!

Msomaji wangu, mtu akikwambia Tabora hakuna milima kwa hiyo kutembea ni mteremko, muulize alitembea mwezi gani. Sisi wa Mtendeni tunajua. Njia ni tambarare, mchanga na vumbi tu, lakini Oktoba jua linakupandisha mlima ambao haupo.

Binamu yangu wa Dar alikuja likizo mwaka jana, akang'ang'ania twende Kwihara kwa miguu, kwenye tembe alimokaa Livingstone. Ni kama kilometa sita hivi kutoka mjini. Nikamwambia, "Kaka, basi tutoke saa kumi na moja alfajiri." Akacheka. Alfajiri anakoroma, saa tatu anatafuna vitumbua, saa nne na nusu ndiyo kwanza anafunga kamba za raba. Mkononi kachupa kamoja ka maji. Bibi akamtazama, akasema, "Mjukuu wangu, unakwenda kuanikwa?"

Kwenda tulifika. Akapiga picha mlango wa nakshi, akajinyoosha chini ya miembe, maji yakaisha. Kurudi ndiyo kasheshe. Jasho lilikuwa linamtiririka, mara likakata. Ngozi kavu, moto kama kikaango. Akaanza kuniita jina la mdogo wake, eti tuwahi daladala ya Kariakoo! Wajameni, nilitetemeka. Mtoto wa watu anifie porini, shangazi nikamwambie nini?

Mungu si Athumani, akatokea mzee na baiskeli, nyuma kafunga dumu la maji. Hata "mwangaluka" yangu hakuiitikia. "Mlaze kivulini, mvue shati!" Akammwagia maji kichwani, shingoni, makwapani, mimi nampepea kwa kofia. Alipopata fahamu vizuri ndipo akapewa ya kunywa, funda moja moja. Kisha bodaboda mpaka hospitali, akatundikiwa dripu, akalala huko.

Wakati tunamngoja apoe, mzee alisema neno moja tu: wapagazi hawakutembea saa hizi. Nikaenda kusoma, na kweli. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya kama kilo 30 kati ya pwani na Ujiji walipenda kusafiri kiangazi, mavuno yakiwa ndani na mito imepungua, halafu wawahi mvua za Novemba wakalime. Lakini waling'oa kambi kabla jua halijachomoza, na kwa kawaida kabla ya adhuhuri mzigo uko chini. Mtu wa mjini mwenye kachupa anajiona mjanja kuliko hao?

Livingstone mwenyewe aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872, yaani aliingia kwenye joto kichwa kichwa. Oktoba, akiwa njiani kuelekea kusini, aliandika kwamba ardhi ilikuwa na moto mpaka inaunguza nyayo za watu wake. Nyayo za wapagazi, msomaji, siyo za binamu yangu!

Kwa hiyo kama unataka kuijua njia hii, njoo Juni au Julai. Asubuhi utavaa sweta. Agosti watu wanachoma majani, moshi unakuwasha macho. Septemba na Oktoba miti ya miyombo inatoa majani mapya mekundu, mazuri ajabu, ila kivuli chake bado chepesi na visima vingi vimeshuka. Hapo beba maji lita tatu, siyo kwa mapambo.

Na hicho kivuli chenyewe kinakwenda. Tumbaku yetu inakaushwa kwa kuni, mjini tunapikia mkaa, na mimi pia nyumbani napikia huohuo. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia ya misafara, Kwihara ikiwemo, kwenye orodha ya awali ya UNESCO. Sawa, tumefurahi. Lakini siku ile orodha haikutusaidia kitu, tulisaidiwa na mwembe mmoja. Ungekuwa umekwisha kuwa mkaa, leo ningekuwa naandika mengine.

Ukizidi kwenda mbali, misitu ya kule Sikonge, nguo za buluu na nyeusi ziache nyumbani. Mbung'o wanazifuata, na sindano yao inapita hata kwenye jinzi.