Wino wa Barabara ya Namanga

Hesabu ndiyo iliyonipandisha gari. Saiba nyingi za Kenya huchapa ukurasa mweusi kwa shilingi 10. Katriji nyeusi ya HP 123, inayotumika katika printa ndogo za DeskJet, kampuni yenyewe huikadiria kurasa 120 hivi. Bei yake ikizidi shilingi 1,200 tu, ukurasa umeshakula zaidi ya ulicholipa, na mwenye saiba bado hajanunua karatasi wala kulipia stima na kodi ya chumba. Basi biashara hii huendaje? Fundi mmoja wa Kitengela aliniambia mambo haya hayaelezeki kwa simu. Alikuwa anakwenda Kajiado kuwazungukia wateja wake. Nikitaka, nifuatane naye. Mjini Kajiado sikuwa nimewahi kufika, nikakubali.

Nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara, mezani ana chupa za wino wa rangi nne, mabomba ya sindano ya duka la dawa na tishu tele. Gari lilikuwa bado kujaa, kwa hiyo akaanza kazi mbele yangu. Aliibandua lebo ya katriji kwa ukucha. Chini yake palionekana vitundu vitatu, kwa kuwa hiyo ilikuwa katriji ya rangi. Hakuamini kumbukumbu yake: alichovya kijiti cha meno katika kila tundu, akatazama kilichotoka, ndipo akajua nyekundu iko wapi na buluu iko wapi. Ndani ya katriji hizo mna sponji, na sponji haitaki haraka. Ukisukuma sindano kwa pupa, hewa hubaki katikati, wino ukafurika juu na rangi zikachanganyika. Yeye alisukuma polepole, akasimama, akasukuma tena. Kisha akaikandamiza sehemu ya chini ya katriji juu ya tishu yenye unyevu. Mistari mitatu ya rangi ilipojichora bila kugusana, akafuta vile vibati vya shaba na kuirudisha kwenye mfuko wa mwenyewe.

“Printa itamwambia wino umekwisha,” akasema. “Hiyo inahesabu tu matone iliyotoa. Haioni ndani.”

Ndani ya Probox tulibanana wanne kiti cha nyuma, mkoba wa chupa ukiwa mapajani mwake. Niliuliza swali ambalo wengi huliogopa: je, hii ni halali? Akacheka, akatoa chupa mbili. Ya kwanza ilikuwa na jina la mtengenezaji wake na maneno kwamba wino huo unafaa printa za kampuni fulani. Ya pili ilikuwa imevaa nembo ya kampuni kubwa, iliyochapwa vibaya. Mteja alikuwa amemletea aikague. Hiyo ya pili ndiyo feki, na ndiyo inayowindwa na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya mwaka 2008. Ya kwanza ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Hata Marekani, kampuni ya Lexmark ilipojaribu kutumia hataza kuwazuia wanaojaza upya katriji zake, Mahakama ya Juu iliamua Mei 2017 kwamba hataza hufika mwisho wake pale kitu kinapouzwa. Ukishanunua katriji, ni yako.

Barabara ilinyooka kuelekea kusini. Baada ya majengo ya Kitengela kupungua, yakaanza mabango: ploti zinauzwa, futi 50 kwa 100, hati tayari. Ng’ombe walikuwa wakilisha chini ya mabango hayo hayo. Sheria ya mwaka 1968 iligawa sehemu kubwa ya Umasai wa Kajiado kuwa ranchi za vikundi, na baadaye ranchi nyingi zikakatwakatwa zikawa mali ya mtu mmoja mmoja. Ardhi iliyokuwa ikimilikiwa kwa kujuana sasa humilikiwa kwa hati. Sheria za Kenya hutaka mauzo ya ardhi yaandikwe na kutiwa saini mbele ya shahidi, na ardhi ya kilimo huhitaji pia idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi. Ongeza nakala za kitambulisho, PIN ya KRA na picha za pasipoti. Kila bango nililoliona njiani lilikuwa na rundo la karatasi linalosubiri kuchapwa mahali fulani.

Isinya tulishuka kwa mama mmoja mwenye saiba ya chumba kimoja. Printa yake ilikuwa Epson ya matangi, isiyo na katriji. Aina hiyo Epson iliianzishia Indonesia mwaka 2010, katika soko ambako mafundi walikuwa wameshazoea kuziunganishia printa matangi ya nje kwa mirija. Kiwanda kilifuata njia iliyokwisha kukanyagwa na watu wa vibandani.

“Mama, rangi umechapa lini?”

“Rangi ya nini, fundi? Hapa watu wanataka KRA na kitambulisho.”

“Basi kila asubuhi chapa hata ua moja.”

Akanieleza sababu huku akisafisha. HP na Canon huuchemsha wino: kipande kidogo hupata joto, povu linazuka na kusukuma tone nje. Katika katriji ndogo za HP kichwa hicho kimo ndani ya katriji yenyewe, kwa hiyo kikiungua unatupa katriji. Epson husukuma tone kwa kitu kinachojikunja umeme ukipita, na kichwa hukaa ndani ya printa miaka yote. Wino ukikaukia humo kwa vumbi na jua la huku, au ukiweka wino mzito usiofaa, gharama yake inakaribia printa nzima. Ndiyo maana yeye hubeba chupa tofauti kwa kila ukoo wa printa, na hakubali kuzichanganya hata mteja akisihi.

Kajiado nilikuta upepo mkavu, ofisi za kaunti, na reli itokayo Konza kwenda Magadi ikiupitia mji. Saiba tuliyoingia ilikuwa karibu na ofisi ambako watu hufuatilia mambo ya ardhi. Kulikuwa na foleni. Mbele alisimama mzee mwenye shuka na fimbo, mkononi ana kibahasha cha plastiki.

“Sopa, mzee,” fundi akamwamkia.

“Epa.”

Mzee alitaka makubaliano ya kuuza ploti yachapwe nakala mbili. Kijana wa saiba akaelekeza mkono kwenye printa tuliyotoka kuijaza. Fundi akamzuia. Alichukua ukurasa wa majaribio, akalowesha kidole, akapitisha juu ya maandishi. Herufi zikawa ukungu wa kijivu. Wino mweusi wa HP 123 ya dukani una chembe zinazoganda juu ya karatasi na kustahimili maji; wino mwingi wa kujazia wa bei nafuu ni rangi iliyoyeyushwa, inayotiririka ikilowa na kufifia juani. Tena si suala la orijino tu: wino wa Epson namba 103 nao ni wa kuyeyushwa, utoke kiwandani usitoke.

“Hii mpe leza,” akamwambia kijana. “Wino una umri na karatasi ina umri. Usiwaoze wasiolingana.”

Kijana alinung’unika kwamba tona ya leza ni ghali. Fundi akasema basi aongeze shilingi tano, mzee atalipa. Mzee aliuliza kwa nini, akaonyeshwa ule ukurasa uliovurugika, akalipa bila neno.

Hapo nilipata jibu la hesabu yangu, ingawa sikulitarajia liwe na pande mbili. Ukurasa wa shilingi 10 unawezekana kwa sababu chupa ya mililita 100 hupatikana kwa shilingi mia chache, na mtu kama huyu anajua kuifikisha kwenye sponji bila kuharibu kitu. Kwa fomu ya shule, tangazo la harambee au risiti ya kupeleka dirishani leo, hakuna haja ya kulipa zaidi. Kasoro huja pale printa ile ile inapopewa mkataba ambao watoto watauhitaji mahakamani miaka 30 baadaye. Mteja hawezi kuona tofauti kwa macho. Siku ya kwanza kurasa zote ni nyeusi.

Kwa hiyo ukifika saiba yoyote ukiwa na karatasi ya kuweka sandukuni, usiishie kuuliza bei. Uliza: hii inatoka leza ama ya wino? Wakikwambia ya wino, omba ukurasa mmoja wa majaribio, ulaze kidole kilicholowa juu yake kabla hujatia saini.