Spika Nne za Mninga

Nyumbani kwetu Isevya, mjini Tabora, muziki ulitoka kwenye tundu moja. Mjomba alikuwa na gramafoni ya betri ambayo mfuniko wake ndio uliokuwa spika. Jioni aliitoa barazani kaikumbatia kama mtoto mchanga, na majirani wakaja na vigoda vyao. Mji ulikuwa na bendi za Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz ya Shem Karenga. Mjomba akiweka wimbo wa "Dada Asha", hata wapita njia walishuka baiskeli. Aliyekaa miguuni pake na aliyesimama chini ya mwembe walisikia kitu kilekile.

Kaseti zilipoingia, santuri zilihamia uvunguni. Baada ya kaseti zikaja flashi, kisha kila mtu akawa na simu yake na muziki wake sikioni.

Miaka michache iliyopita binamu yetu aishiye Muscat alikuja na amplifaya ya Sansui ya miaka ya 1970, ya njia nne, imeviringishwa blanketi. Mjomba, sasa mzee wa fimbo, aliiinua kidogo akaipima kwa mkono. "Frasila na ushee," akasema. Zamani mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, kilo thelathini na kitu, kutoka Bagamoyo hadi hapa, kwa miguu.

Fundi redio alitukataza kuichomeka moja kwa moja. Aliunga balbu ya wati 100 kwenye njia ya umeme, akabonyeza swichi. Balbu iling'aa kwa nguvu, kisha ikafifia taratibu. "Nzima," akasema, nasi tukapumua; ingeendelea kung'aa, ndani kungekuwa na shoti. Seremala akatuchongea maboksi manne ya mninga, tukayaweka kwenye pembe nne za sebule. Siku ya kwanza besi ilikuwa hafifu. Tulihangaika hadi magharibi, kumbe waya wa spika moja ulifungwa kinyume, nyekundu kwenye nyeusi.

Mtindo huu wa spika nne, kwadrafoni, ulivuma mwanzoni mwa miaka ya 1970. CBS walichanganya sauti nne ndani ya njia mbili za santuri, wakauita SQ, na mashine ikazitenganisha. Sansui walikuwa na QS yao. JVC, kwa CD-4, waliificha tofauti kati ya sauti za mbele na za nyuma kwenye mawimbi ya 30,000 kwa sekunde, juu kabisa ya uwezo wa sikio la binadamu, na kuisoma kulihitaji sindano iliyochongwa kwa namna ya pekee. Mifumo hiyo haikuelewana, wanunuzi wakachoka, na muongo ulipokwisha kwadrafoni nayo ilikuwa imekwisha.

Binamu alikuwa na santuri ya "Abraxas" ya Santana, toleo la SQ. Nilikaa kwenye kiti cha katikati, ngoma zikanijia kutoka kisogoni, nikageuka kutazama. Sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Lakini nilipopiga hatua mbili kuelekea mlangoni, spika moja ilizimeza nyingine tatu. Uzuri wote ulikuwa pale kitini.

Mjomba akakalia kiti hicho, akasikiliza upande mzima bila neno. Sindano ilipoinuka aliniuliza, "Na wewe, mwanangu, unakaa wapi?"

Kesho yake tuliyatoa maboksi yote manne barazani, yakatazama barabara, tukarudisha sauti kwenye njia moja na kuweka "Dada Asha". Vigoda vikaja. Hivyo ndivyo tunavyosikiliza mpaka leo, kila Jumamosi.

Nawe msomaji, kama una santuri uvunguni, zitoe. Zisimamishe wima, mbali na joto la bati. Zikirundikwa kwenye joto hupinda, na santuri iliyopinda sana sindano huiruka.