Inatengenezeka

Jumanne, 23 Aprili 2024

Voyager 1, kile chombo cha angani, imeongea! Jamani. Tangu Novemba ilikuwa inabwabwaja tu, namba zisizo na kichwa wala miguu, nami nishaanza kuizoea habari kwamba imekwisha. Leo kabla sijafungua kibanda changu cha kutengeneza simu nakuta: Jumamosi imeleta majibu yanayosomeka. Joto lake, umeme wake, hali yake yote. Nimesoma nimesimama, funguo mkononi.

Niandike walivyofanya, nisije nikasahau. Chipu moja ya kumbukumbu imekufa. Moja tu, ile iliyobeba sehemu ya maelekezo ya kompyuta inayofungasha data kabla hazijatumwa Duniani. Na chipu yenyewe iko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa. Hupashi moto, hubandui. Basi wakaamua kuyahamisha maelekezo. Ila hakuna nafasi moja iliyobaki ya kuyatosha yote, ikabidi wayakate vipande, kila kipande kikapewa kona yake, halafu wakapitia anwani zote ili vipande vijuane. Chumba kinavuja, baba kahamia ukumbini, watoto jikoni, asubuhi familia nzima inakutana kwenye chai.

Ujumbe kwenda, saa 22 na nusu. Jibu kurudi, saa 22 na nusu tena. Unatuma, unalala, unaamka, unakwenda kazini, unalala tena, ndipo ujue umeponya au umeua. Kariakoo mteja akisubiri dakika kumi tayari anagonga kioo cha meza.

Kimerushwa Septemba 1977, chombo hicho. Kompyuta zake zote ukizijumlisha kumbukumbu haifiki kilobaiti 70. Picha moja ya simu ya mwanangu mwenyewe haiingii humo. Na bado kuna watu wamekaa Pasadena wanafunua makaratasi ya zamani yaliyoandikwa na mafundi waliokwisha kustaafu, wengine marehemu, wanatafuta pa kupitia. Hao ndio mafundi. Heshima yangu yote.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua. Bonde la Jangwani maji tena. Wateja wachache.

Simu moja tu leo, lakini imenikalia shingoni. Betri limevimba, mgongo umeinuka, mama wa watu anaogopa hata kuishika. Kuufungua mgongo nimetumia joto, kadi ya plastiki na subira, maana wamegundisha kila kitu. Gundi juu, gundi chini, betri nalo limegundishwa kwenye fremu kwa utepe unaokatika katikati ukiuvuta vibaya. Betri lililovimba hulivuti kwa nguvu, ukilitoboa linawaka. Nimefanya polepole, spiriti tone kwa tone pembezoni, mpaka likaachia lenyewe.

Kwa nini lakini? Zamani ulikuwa unabonyeza kucha, mfuniko unatoka, betri mkononi. Mama huyu angefanya mwenyewe nyumbani kwake Mbagala. Wanasema gundi ni kwa ajili ya maji yasiingie na simu iwe nyembamba. Sawa. Ila mtu hanunui wembamba, ananunua simu ya kumfikisha miaka minne.

Juzi Bunge la Ulaya limepitisha sheria ya haki ya kutengenezewa. Na wana nyingine ya betri, kuanzia Februari 2027 betri la kifaa cha mkononi litoke bila mtumiaji kuhitaji zana maalumu. Nimefurahi kweli. Simu zinazouzwa kule na huku zinatoka viwanda vilevile, wakibadilisha kwa ajili yao huenda na sisi tukafaidi.

Kesho Muungano, miaka 60. Nafunga.

Jumamosi, 27 Aprili

PS2 ya kibanda cha gemu, haisomi CD. Inazunguka, inanyamaza, inazunguka, halafu ule uandishi kwenye skrini nyekundu. Mama mwenye kibanda kaileta imefungwa kwenye khanga. Ndiyo ada ya shule hiyo, kaniambia. Dakika kumi za mpira shilingi ngapi sijui, ila zinalipa ada.

Nimeifungua. Vumbi la kuchota kwa kijiko. Lensi ina ukungu, na juu ya reli grisi imekauka imekuwa ngumu, kichwa cha leza kinakwama nusu ya safari. Kijiti cha pamba, spiriti, pole pole kutoka katikati kwenda nje. Grisi mpya. Nikarudisha, nikaweka CD yenye mikwaruzo kuliko zote. Ikasoma! Vijana waliokuja naye wamepiga kelele mtaa mzima. Jezi za Simba na Yanga wameziingiza humo wenyewe, na papo hapo wakaanza kubishana upya derby ya tarehe 20.

Mashine hii ilitoka Japani Machi 2000. Miaka 24. CD ukiwa nayo, gemu ni yako, na mwanao akitaka atacheza. Sasa angalia The Crew ya Ubisoft: ilitoka 2014, watu wakanunua kwa pesa zao, tarehe 31 Machi mwaka huu seva zimezimwa na gemu lote limekufa, hata ukicheza peke yako haliwaki. Unakuwaje umelinunua? Siwezi kulikubali hili. Nalifikiria na bado silikubali. Kama kampuni imechoka, iachie angalau mlango wa watu kuendesha seva zao. Wapo watakaofanya bure, kwa mapenzi tu.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Upepo tangu usiku, boti za Unguja zimesimama, mabati ya jirani yanapiga. Mamlaka ya Hali ya Hewa wamekuwa wakitoa tahadhari siku kadhaa, na kila picha waliyotuonyesha ya lile duara jeupe imepigwa kutoka angani. Watu huniuliza anga linamsaidia nini Mswahili. Leo sijaulizwa.

Na jana Wachina wamerusha Chang'e 6 kutoka Wenchang, kisiwa cha Hainan. Inakwenda upande wa Mwezi tusiouona kabisa, kuchota udongo na kurudi nao. Hakuna aliyewahi. Ukiwa kule nyuma, Mwezi wenyewe unakukinga, redio haifiki Duniani. Kwa hiyo walitanguliza setilaiti ya kupokezana mawimbi, Queqiao-2, tangu Machi. Napenda watu wanaotanguliza njia ya mawasiliano kabla ya safari.

Umeme umekatika. Naandikia mwanga wa simu.

Jumanne, 14 Mei

Tangu Jumapili intaneti hakuna, au ipo ya kuvutavuta. Meza imejaa simu nzima kabisa. "Fundi, simu yangu haishiki mtandao." Na huyu. Na huyu. Nimewarudishia wote, sijachukua hata mia. Mwingine kasisitiza niifungue tu niangalie, nimekataa. Haina ugonjwa.

Mzee wa duka la vitenge anashikilia kuwa ni jua, maana wikiendi ileile kulikuwa na dhoruba ya jua, kali kuliko zote tangu 2003, kaiona kwenye WhatsApp. Dhoruba ni kweli. Lakini hii ya kwetu ni nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika zote mbili huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Nimemchorea kwenye boksi la kioo cha simu: pwani, waya, mahali ulipokatika. Mpaka Ubalozi wa Marekani hapa Dar umefunga huduma kwa wageni kwa sababu ya mtandao.

Alichoniuliza baadaye ndicho kimenikaa. "Sasa nani anakwenda kuutengeneza?" Nikamweleza: meli maalumu inatoka, inashusha ndoana mpaka sakafu ya bahari, inavua waya, inauvuta sitahani, halafu mtu anakaa kwenye chumba kisafi anaunganisha nyuzi za kioo moja moja, nyembamba kama unywele, kwa joto. Akasema, "Basi na wewe ungeiweza kazi hiyo." Nimeshinda na hilo neno mchana kutwa.

Kenya wana Starlink, intaneti ya setilaiti, tangu mwaka jana. Natamani tuwe na vyote, bahari na anga. Njia moja ikikatika mtu asikose kuongea na mgonjwa wake.

Jumapili, 19 Mei

Mpwa amekuja. Dada kapiga simu kabla: "Kaka, usimpe magemu, moko inakaribia." Nimemwambia nimesikia.

Lakini nimemfungulia Kerbal Space Program kwenye laptop ya zamani, na sioni kuwa ni magemu yale anayoyaogopa dada. Unaunda roketi yako, inalipuka, unauliza kwa nini. Vijana wa kampuni ndogo ya Mexico walilitengeneza, na ndani yake mna mvutano wa sayari unaofuata hesabu.

Mpwa alikuwa na chombo kwenye mzunguko, anataka kukifikia kingine kilicho mbele yake. Anakanyaga mafuta. Kinazidi kumwacha. Anakanyaga tena. "Anko, imeharibika hii!" Nikanyamaza. Sikutaka kumpa jibu, nilitaka nimwone anavyolipata. Akakaa kimya muda, akaangalia mstari wa njia yake: kila akiongeza mwendo duara linapanuka, anapanda juu zaidi, mzunguko unakuwa mrefu. Akageuza chombo kinyume. Akapunguza. Duara likashuka, mzunguko ukafupika, akaanza kumkaribia mwenzake. Kageuka kuniangalia macho yamemtoka. "Kumbe unapunguza ndiyo unamkuta!"

Nikamwambia James McDivitt, rubani kabisa, Juni 1965 kwenye Gemini 4, alijaribu kulisogelea roketi lake lililobaki nyuma na ikamshinda kwa sababu hiyohiyo. Mtoto wa kidato cha nne kaipata kabla ya chai ya jioni.

Dada nitamwambiaje? Fizikia yake ni D. Kweli, lakini leo nimemwona akifikiri.

Alhamisi, 23 Mei

Voyager: vifaa viwili vya sayansi vimerudi kazini. Viwili bado.

Usiku huu nakumbuka ile sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu iliyobanwa ubavuni mwake. Humo mna wimbo wa mabinti wa msitu wa Ituri, Kongo, wimbo wa unyago wao. Sauti za hapa jirani zimeshaupita mpaka wa upepo wa jua. Mabinti wale kama wangali hai ni bibi sasa. Sijui kama kuna aliyewahi kuwaambia. Ningependa waambiwe.

Alhamisi, 6 Juni, usiku

Siwezi kulala.

Saa kumi kasoro dakika kumi alasiri roketi ya Starship imeruka kutoka Texas, mara ya nne. Niliweka simu kwenye kopo, wakajaa watu. Injini 33, moja ikazimika, ikaenda hivyohivyo. Chombo cha chini kimeshuka polepole baharini, Ghuba ya Meksiko. Hapo tayari tumeshapiga makofi. Lakini cha juu ndicho! Kinaingia angahewa, moto wa zambarau, halafu rangi ya chungwa, halafu bawa moja likaanza kuliwa. Unaona kwa macho: vigae vimetoka, chuma kinayeyuka, cheche, lensi ya kamera imepasuka, imejaa uchafu. Nikajua kimekwisha. Na mwisho kabisa, karibu saa kumi na moja, hilo bawa lililobaki mifupa likageuka. Likatii! Chombo kikajinyoosha, kikawasha injini, kikatua juu ya maji ya Bahari ya Hindi, upande wa Australia.

Mzee wa vitenge alikuwa amenishika bega bila kujua.

Bahari yetu ina historia na mambo haya, na watoto hawafundishwi. Tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa la Waitaliano hapo baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa maalumu kwa kutazama eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Walichagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta: Dunia yenyewe inakusukuma kilomita zaidi ya 1,600 kwa saa kuelekea mashariki, bure. Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi hiyo akapata Nobel 2002. Jina la Kiswahili limo kwenye vitabu vya falaki duniani. Nataka kwenda Malindi kuliona lile jukwaa, hata kwa mbali, hata kwa basi la usiku.

Ijumaa, 28 Juni

Wachina wamepima mzigo wa Chang'e 6. Gramu 1,935.3 za udongo wa upande wa nyuma wa Mwezi. Kapsuli ilitua Jumanne Mongolia ya Ndani. Karibu kilo mbili, unga wa ugali wa watu wachache, na hakuna mwanadamu aliyewahi kuushika kabla yao. Natumaini watagawa kwa wanasayansi wa kila nchi. Itakuwa dhambi ukibaki kabatini.

Voyager nayo vifaa vyote vinne vinafanya kazi tangu katikati ya mwezi.

Mpwa kapiga. Pedi ya gemu ya rafiki yake, kitufe kimoja hakiitikii, wanataka kuitupa. Nikamwuliza umeifungua? Kafungua, kakuta mpira wa ndani umechanika, kaniuliza kama tunaweza kuutoa kwenye pedi nyingine mbovu. Sikumwambia mimi hilo! Kaliwaza mwenyewe.

Kesho asubuhi nampigia dada. Mtoto aje Jumamosi ijayo baada ya tuisheni, saa mbili tu, ashike solda mbele yangu. Laptop nitaifungia kabatini mpaka moko iishe, hilo nakubaliana naye. Pedi mbovu ninazo chini ya meza, ninunue waya wa solda na kijiti kipya cha pasi, kile cha zamani ncha imekufa.