Kusimulia Upya Maandiko Darasani

Wako walimu wanaodhani kwamba kumtaka mwanachuo asimulie kisa cha Biblia kwa maneno yake mwenyewe ni kuyavunjia heshima Maandiko. Sisi tufundishao hapa Berega tumeona kinyume cha hayo: anayetaka kusimulia vyema hana budi kwanza asome kwa makini.

Njia hii ni ya zamani. Mtaalamu Mholanzi, Desiderius Erasmus, alichapisha Agano Jipya la Kigiriki mjini Basel mwaka 1516, pamoja na tafsiri yake ya Kilatini. Alirudi kwenye chanzo ili ayapime maneno yaliyozoeleka. Kwa mfano, amri ambayo wengi waliielewa kuwa ni kutimiza kitubio, yeye aliiona kuwa ni wito wa kugeuza nia. Kuanzia mwaka 1517 akatoa pia vitabu vya kulisimulia upya Agano Jipya kwa mapana, kana kwamba waandishi wake wa kwanza ndio wasemao.

Kwetu sisi, Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, jirani ya Ukaguru, alifanya kazi ya namna hiyo. Katika miaka ya 1960 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Aliutwaa utenzi, uliolelewa na washairi Waislamu wa pwani, akautia habari za Biblia. Vina na mizani havikumruhusu kunakili tu. Ilimbidi aelewe, kisha achague.

Uchaguzi huo ndio tunaowazoeza wanachuo. Mmoja wao, akisimulia kisa cha mwana mpotevu, aliwageuza nguruwe kuwa mbuzi, maana ndio wanaofugwa kijijini kwao. Hadithi ilitiririka, lakini aibu ilitoweka: kwetu mchunga mbuzi hadharauliwi, hali kwa Myahudi nguruwe alikuwa najisi. Wenzake ndio walioligundua jambo hilo. Walibishana kipindi kizima, na mwishowe wakakubaliana kwamba nguruwe wabaki.

Basi, mwalimu aeleze kwanza mazingira ya kisa, kisha wanafunzi wasimulie, na mwisho walinganishe masimulizi yao na Maandiko. Awaulize: mmeongeza nini, mmeacha nini, na kwa sababu gani? Mwanafunzi aliyekariri ataweza kurudia maneno tu. Aliyeelewa ataweza kuyajibu maswali hayo.