Tuhamie Tabora mjini au tubaki Choma?

Baba watoto amepata kazi Tabora mjini, nasi tunaishi Choma cha Nkola, wilayani Igunga. Tabora ina treni tangu 1912, hospitali ya mkoa, shule nyingi na miembe ya enzi za misafara. Maji ya Ziwa Victoria nayo yamefika.

Lakini mjini kuna kodi ya nyumba, na hata fungu la mchicha ni pesa. Choma tunalima pamba na mahindi, maziwa hatununui, na bibi anatulelea watoto.

Mzazi mwenzangu, usihesabu mshahara tu. Hesabu pia utakavyoanza kununua. Tumeamua baba atangulie, sisi tufuate baada ya mavuno. Bibi ameshasema haachi ng'ombe wake. Hilo bado linaniumiza.