Hodi Kabla ya Sululu

London

Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza niliyasikia maneno yako. Mara ya pili nikasikia na sululu nyuma yake. Mwenye kiwanja cha jirani ameivunja ile nyumba ya vyumba sita, anachimba msingi wa ghorofa, na ukuta wa chumba alichofia bibi umepasuka kutoka kwenye lenta hadi sakafuni. Ulipomuuliza fundi, alikujibu kwamba yeye katumwa tu. Imeniuma, kwa kuwa ukuta ule naujua kwa kiganja. Utotoni tuliugonga kuwaita watoto wa upande wa pili waje kucheza, nao wakagonga kuitikia.

Wiki hiyohiyo, huku nako, jirani alinibishia mlango. Nyumba za mtaa wetu zimeungana kama mabehewa. Ukuta mmoja unabeba nyumba mbili. Jirani huyu, baba wa watoto wanne, anataka kuongeza chumba chini ya paa, na vyuma vya kukibeba vitaingia kwenye ukuta wetu wa pamoja. Mkononi alikuwa na barua inayoeleza ni kazi gani na itaanza lini, ikiwa bado imebaki miezi 2 kamili.

Ndivyo inavyotaka sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996 inayotumika England na Wales. Angekuwa anachimba ndani ya mita 3 kutoka nyumba yangu, kwenda chini kuliko msingi wangu, angepaswa kunipa taarifa mwezi 1 kabla. Mimi nina siku 14 za kujibu. Nikikataa au nikinyamaza, sheria inahesabu kwamba tuna mgogoro, na hapo anatafutwa mkaguzi wa majengo: mmoja kwa ajili yetu sote, au kila mtu na wake. Gharama kwa kawaida ni za anayejenga. Mkaguzi hupiga picha kuta za jirani kabla kazi haijaanza na kuandika kila ufa uliopo, ili baadaye asiwepo wa kusingiziwa wala wa kukana. Majirani wa huku nao hugombana, Shangazi, tena sana. Lakini ugomvi wao una pa kuanzia: karatasi yenye tarehe.

Na karatasi hiyo imezaliwa na msiba. Moto wa mwaka 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya London, na mwaka 1667 ikatungwa sheria ya kuujenga upya mji kwa matofali na mawe, ikagusa na kuta za pamoja. Sisi misiba yetu tunayo. Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, hapo Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Jumamosi ya 16 Novemba 2024 likaanguka la Kariakoo, kwenye mitaa ya Mchikichi na Kongo. Walikufa zaidi ya watu 20, na taarifa zikataja kazi ya kupanua sehemu ya chini ya jengo. Siku ile nilikupigia mpaka simu ikaisha chaji. Tangu hapo, nikisikia mtu anachimba karibu na unapolala, silali.

Wahenga wametuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wako hauzibiki kwa plasta. Chanzo chake kiko ng'ambo ya ukuta, kwenye shimo la mtu mwingine, na ardhi yetu ni ya pembeni mwa bonde la Msimbazi. Kwa hiyo, nakuomba, hama chumba hicho leo, uwahamishe na wapangaji wa chumba cha pili. Piga picha ufa ukiwa umeweka gazeti la siku hiyo pembeni. Gandisha kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji, pande zote mbili. Kikivunjika, ujue ukuta bado unatembea. Kisha nenda na mjumbe kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, uache barua, nakala yake uipeleke kwa mhandisi wa jiji. Omba aje akague, na mwenye kiwanja aonyeshe kibali cha ujenzi na jina la mhandisi wake. Baraza la kata linaweza kuwasuluhisha. Likishindwa, lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Simkatazi jirani kujenga ghorofa. Kariakoo fremu ni mali, na kiwanja ni chake. Ila kwetu mtu haingii ukumbini bila hodi, hata akileta sahani ya futari. Anayechimba kando ya ukuta wako ameshaingia ndani mwako. Hodi yake ndiyo ile taarifa, na Waingereza hawakufanya zaidi ya kuiandika. Ninachotamani ni sisi nasi tuiandike, iwe haki ya bibi kizee mwenye vyumba sita kama ilivyo ya mwenye ghorofa kumi.

Mimi jirani yangu nimemkubalia, nikatia saini. Ijumaa baada ya swala nitakupigia. Uniambie kioo kimesema nini.

Mwanao,
London