Kutoka Cimpunda Mpaka Nyawera: Kupima Shule ya Karibu na Shule yenye Jina



Majuma haya mji wetu wa Bukavu umejaa poda. Matokeo ya Egzameni ya Leta yakitoka, vijana waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, wanapita barabarani wakiimba, na kwenye milango ya shule wanatundika vitambaa vyenye maandishi makubwa: asilimia 98, asilimia 100. Ni katika majuma haya haya mama mwenye mtoto aliyemaliza mwaka wa 6 wa primeri anatafuta sekondari. Anasoma vitambaa, anauliza majirani, halafu anaamua. Na swali ambalo wamama wananiuliza kila mwaka ni moja: "Mwalimu, nimpeleke mtoto chini mjini, kwenye shule yenye jina, ao nimwache kwenye hii shule ya hapa kwetu?"

Mwaka huu, mbele ya kujibu, niliamua kutembea njia yenyewe kwa miguu, kutoka Cimpunda mpaka Nyawera, saa ile mtoto angetoka nyumbani.

Tunaijua Bukavu: mji wa vilima, karibu mita 1,500 juu ya bahari, wenye komini tatu. Ibanda iko upande wa ziwa, Kadutu iko juu, Bagira iko upande wake. Shule nyingi za zamani zenye jina ziko Ibanda. Huko ndiko iko Collège Alfajiri ya mapadri Wajezuiti, iliyoanza mwaka wa 1938, na huko ndiko iko Lycée Wima ya wasichana. Lakini watoto wengi wanalala juu vilimani. Kwa hiyo kila asubuhi utaona mashati meupe yakishuka, na mchana utayaona yakipanda.

Kutoka Cimpunda njia inapita katikati ya nyumba zilizobanana. Pengine ni ngazi zilizochimbwa katika udongo, pengine ni mfereji ambao ndani yake maji na watu wanapishana. Ukifika soko la Kadutu unaanza kusukumana: wamama wenye mizigo mgongoni, pikipiki, mikokoteni, magari yanayopiga honi. Baada ya hapo unashuka tena, na mwisho Nyawera. Kwa mwendo wa mtoto wa miaka 12 mwenye mfuko wa vitabu, ni karibu saa moja. Kurudi ni zaidi, kwa sababu ni kupanda, na tumbo liko tupu.

Hapa nina jambo la kwanza la kuwaambia. Mimi nilitembea wakati wa jua, vumbi tupu. Wengi wetu tunaenda kuangalia shule mwezi wa saba na wa nane, wakati njia imekauka na kila kitu kinaonekana chepesi. Lakini masomo yanafunguliwa mwezi wa kenda, pamoja na mvua, na mvua hiyo inaendelea mpaka mwezi wa tano. Ile ngazi ya udongo itakuwa utelezi. Ule mfereji utajaa. Mtoto atafika darasani amelowa, ao hatafika. Ukipima njia, ipime kwa macho ya mwezi wa kumi na moja.

Jambo la pili ni saa. Shule nyingi za mji zinagawa majengo: kundi moja linasoma asubuhi, lingine mchana. Kundi la mchana linatoka karibu saa 11 na nusu za magaribi, na kwetu jua linazama karibu saa 12. Msichana anayetembea saa moja atamaliza njia gizani, tena kupitia sokoni. Kwa hiyo usiulize tu kama nafasi iko. Uliza: nafasi ya asubuhi ao ya mchana? Wamama wengi wanajua jibu siku ya kufungua shule, wakiwa wameisha kulipa.

Sasa shule yenyewe. Shule za jina hazikupata jina bure. Nyingi zina maktaba, zina vyombo vya kemia, zina walimu waliosomea somo wanalofundisha, na mtoto anazoea kukaa na wenzake wenye bidii. Sitamwambia mama yeyote kwamba hayo si kitu. Lakini tukumbuke hili: Egzameni ya Leta, iliyoanza mwaka wa 1967, ni moja kwa nchi nzima. Wa Alfajiri na wa shule ndogo ya kilimani wanaofuata opsio moja wanapewa maswali ya namna moja, wote wanahitaji asilimia 50 ili kufaulu, na diploma inatolewa na Leta, si na shule. Kinachomfikisha mtoto pale ni kusoma miaka 6 bila kukatika. Kwa msichana wa kwetu, miaka 6 bila kukatika ndiyo vita yenyewe.

Niliporudi juu nilipita pia kwenye shule ndogo ya karibu, ya mbao na mabati, yenye kiwanja kidogo. Prefe alinipokea vizuri. Shule ya namna hii usiihukumu kwa ukuta wake, wala usiihurumie. Iulize maswali, na yale yale ukaulize chini mjini.

Uliza kwanza arete, ndiyo barua ya waziri inayoruhusu shule. Angalia kama opsio ambayo mtoto anataka imeandikwa ndani yake. Kuna shule zinazofundisha opsio bila ruhusa, na mwaka wa mwisho watoto wanaandikishwa mtihani kwenye shule nyingine. Mama anagundua hayo wakati hakuna tena la kufanya.

Uliza walimu wangapi wanalipwa na Leta. Tangu mwaka wa 2019 primeri ya Leta ni bure, lakini sekondari wazazi bado wanalipa. Pale ambapo walimu wengi hawajaingia kwenye orodha ya mshahara, ni feza za wazazi zinazowalisha. Wazazi wakichelewa, mwalimu anakwenda kutafuta kazi nyingine, na darasa linabaki bila somo la hesabu mpaka Pasaka.

Omba kuona vyoo vya wasichana. Usione haya. Je, mlango unafungwa kwa ndani? Je, maji yako? Shule isiyo na hayo inamrudisha msichana nyumbani siku kadhaa kila mwezi.

Halafu lile swali ambalo karibu hakuna mzazi anayeliuliza: "Prefe, hawa waliofanya mtihani mwaka huu, walipoanza mwaka wa 7 walikuwa wangapi? Na wasichana walikuwa wangapi?" Tuseme watoto 60 waliingia. Wengine walifukuzwa kwa kukosa minervali, wengine walipata mimba, wengine waliambiwa watafute shule nyingine kwa sababu wangeharibu asilimia. Mwisho wakabaki 15, na wote 15 wakafaulu. Kitambaa kitaandika asilimia 100, na hakitadanganya. Lakini 45 hawamo ndani yake. Shule nyingine ilianza na 40, ikafikisha 32, wakafaulu 26. Asilimia yake ni ndogo, karibu 81, lakini kwa mtoto wa kawaida ndiyo shule nzuri zaidi. Prefe mwema atafungua daftari na kukuonyesha. Akikasirika, umepata jibu.

Tusisahau hesabu ya mfuko. Minervali si gharama yote. Kama pikipiki ni franka 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 24 za masomo ni franka 48,000 kila mwezi. Weka hiyo pembeni ya minervali, yunifomu na vitabu, halafu angalia kama zamu yako ya likelemba inaweza kuibeba mpaka mwezi wa sita. Kuanza shule ya bei na kufukuzwa mwezi wa pili ni vibaya kuliko kuanza polepole.

Basi ninajibu nini? Sheria ya elimu ya mwaka wa 2014 imetupa mlango ambao wengi hatuutumii. Mwaka wa 7 na wa 8 ni sehemu ya elimu ya msingi. Mwisho wake kuna mtihani wa kuchagua na kuelekeza, TENASOSP, ndipo inaanza miaka 4 ya humanite. Kama shule ya karibu ina arete, ina walimu wanaofika, na ina choo chenye mlango, mimi ningemwacha msichana wa miaka 12 hapo kwa miaka hiyo 2. Akifika miaka 14, amekomaa, amejua anachopenda, ndipo ashuke mjini kufuata opsio yake. Lakini uende mapema kuuliza, kwa sababu shule zenye jina zinaanza kwa kuweka watoto wao wenyewe. Na kama shule ya karibu haina karatasi, usiichague kwa uvivu wa njia. Tafuta nafasi ya asubuhi chini, na shangazi ao mama mdogo wa kumlaza mtoto siku za mvua kali.

Nina ombi moja kwa vikundi vyetu. Msiende mmoja mmoja. Mama mmoja mbele ya meza ya prefe anaitikia tu "ndiyo." Wamama watatu wanauliza, na mmoja anaandika. Chagueni siku moja juma hili, gawaneni shule za mtaa wenu, na mkutano ujao leteni majibu tuyasome pamoja kabla ya mtu yeyote kulipa.